Anayefika Hupewa Tambi

Siku ya nne tangu nifike Xi'an nilifunga bila kula daku, na ilipofika alasiri nilikuwa sijui nitafuturu nini. Ilikuwa mwanzoni mwa Septemba 2009, Ramadhani imeshafika katikati. Nilikuwa na umri wa miaka 20. Nilitoka Tanga kwa basi hadi Dar es Salaam, nikapanda ndege mbili hadi China, kwenda kusoma lugha mwaka mmoja na uhandisi wa maji miaka minne. Ndani ya sanduku langu mama alikuwa amenitilia pakiti mbili za tambi na iliki iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti. "Zikupe harufu ya nyumbani," aliniambia. Harufu nilikuwa nayo. Moto wa kuzipikia sikuwa nao, maana bwenini hawakuruhusu jiko la aina yoyote.

Kwetu pwani tambi ni jambo la futari. Hukaangwa kidogo kwenye samli mpaka zibadilike rangi, zikapikwa kwa tui, sukari na iliki, na nyumba yenye nafasi huongeza zabibu. Tangu utoto wangu sikuwahi kuona tambi ikikutana na chumvi. Jioni ile nilipotoka lango la nyuma la chuo nilikuwa natafuta mkate tu, wa kunishika mpaka kesho yake.

Nilitembea nikisoma mbao za maduka nisizoweza kuzisoma. Kisha nikaona ubao wa kijani, na chini ya herufi za Kichina kulikuwa na neno moja la Kiarabu ambalo mtoto yeyote aliyepita chuo cha Kurani angelitambua: halali. Nilisimama pale mlangoni nikalisoma tena na tena, kama mtu aliyekutana na jirani yake mji wa mbali.

Ndani mlikuwa na meza sita, viti vya plastiki, na sufuria kubwa lililotoa mvuke mpaka darini. Nyuma ya meza ya bati alisimama mwanamume wa makamo mwenye kofia nyeupe, mikono imejaa unga. Mkewe, aliyefunika nywele zake kwa kitambaa cheusi, alinitazama usoni, akautazama mtandio wangu, akasema neno lililonichukua muda kulipokea: "Seliamu." Ndiyo salamu yetu ile ile, iliyopita katika kinywa cha Kichina kwa karne nyingi ikalainika. Nikaitikia, naye akanivutia kiti.

Hatukuwa na lugha. Alinionyesha saa ya ukutani, akainua vidole vitano: zimebaki dakika tano. Akaniwekea tende mbili na bilauri ya maji ya moto. Adhana ililia kutoka kwenye simu ya mumewe, kama saa moja jioni hivi, na sote tukafungua pamoja, wao wamesimama, mimi nimekaa.

Kisha yule bwana akaniuliza kitu. Sikuelewa. Akarudia polepole, bado sikuelewa. Hapo akafanya jambo ambalo sijalisahau. Alichukua donge la unga, akalivuta, akaninyooshea uzi mwembamba kama unywele. Akavuta jingine, likawa na unene wa uzi wa kushonea viatu. Akavuta la tatu, likawa bapa na pana kama mkanda. Akayaning'iniza yote matatu mbele yangu, akasubiri.

Alikuwa ananiuliza nataka tambi za namna gani.

Kwa siku nne nilikuwa nimeelekezwa: tia sahihi hapa, lipa pale, simama kwenye mstari ule, piga picha ukuta huu. Watu wale hawakuwa wabaya, ndivyo kazi za ofisi zilivyo. Lakini hakuna swali hata moja nililoulizwa ambalo jibu lake lilikuwa langu mwenyewe. Nilinyoosha kidole kwenye uzi wa katikati, na machozi yakanitoka. Yule mama akadhani ni mvuke wa sufuria, akalisogeza bakuli la pilipili mbali nami.

*

Bakuli lilikuja kubwa kuliko uso wangu. Mchuzi wake ulikuwa mwangavu, unaona mpaka chini. Juu yake palielea vipande vyeupe vya figili, mafuta mekundu ya pilipili, majani mabichi ya kotimiri na vitunguu saumu vichanga, na chini zimelala tambi zenye unjano mdogo. Baadaye niliambiwa kwamba rangi hizo tano ndizo sheria ya chakula kile, na kila mtoto wa Lanzhou anazijua kwa mpangilio: mwangavu wa supu, weupe wa figili, wekundu wa pilipili, ukijani wa majani, unjano wa tambi. Bakuli likikosa moja, aliyelipika hajamaliza kazi.

Lanzhou ni mji mkuu wa jimbo la Gansu, kando ya Mto Manjano, mbali na Xi'an kuelekea magharibi. Tambi zake za nyama ya ng'ombe huhusishwa na Ma Baozi, Mhui aliyeanza kuziuza mjini humo mwaka 1915. Wahui ni Waislamu wa China ambao lugha yao ni Kichina. Miongoni mwa wazee wao wa kale walikuwemo wafanyabiashara na askari wa Kiarabu na wa Kiajemi waliofika kwa njia ya nchi kavu na ya bahari, wakaoa, wakabaki. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana habari kama hiyo. Katika mtaa wao wa zamani pale Xi'an, ndani ya ukuta wa mji, upo Msikiti Mkuu ambao kwa mapokeo ulianzishwa mwaka 742. Hauna kuba. Mapaa yake yamepinda kama ya majumba ya Kichina, na ndani yake mmeandikwa Kurani. Nilipouingia mara ya kwanza niliona jinsi dini inavyoweza kuvaa nguo za mji wake bila kupungukiwa kitu.

Wenye mgahawa wangu hawakuwa wa Lanzhou wala wa Xi'an. Walitoka Hualong, wilaya ya milimani katika jimbo la Qinghai. Watu wa Hualong ndio walioieneza migahawa ya tambi za Lanzhou katika miji ya China, ndugu akimvuta ndugu: mmoja hufungua, shemeji hujifunza kwake mwaka mmoja, kisha huenda kufungua wake mji mwingine. Ukimuuliza Mtanga habari za Wapemba na maduka yao, atakuelewesha mpango huo kwa sentensi mbili.

Mume nilimwita *laoban*, yaani mwenye duka, kama walivyomwita wateja wote. Mke nilimwita *ayi*. Darasani tulifundishwa kuwa ni neno la heshima kwa mwanamke wa rika la mama yako, lakini nilipolifungua kamusini nilikuta maana yake ya asili ni dada wa mama. Mama mdogo! Wachina mamilioni humwita mama yeyote wa mtaani mama mdogo, na mimi nilikuwa nimelelewa hivyo hivyo. Tangu siku hiyo neno halikunipa taabu mdomoni.

Salamu ndiyo iliyonipa taabu. Kumwambia mtu mzima "nihao" na kupita zangu kulinikereketa koo kila asubuhi. Nikamfundisha ayi *shikamoo*, na nikamfundisha jibu lake. Kwa miaka mitano, kila nilipoingia na kusema shikamoo, kutoka jikoni ilikuja sauti: "Marahaba!" Wanafunzi wa Kichina walioizoea walidhani ni jina langu.

*

Mezani kwa laoban nilijifunza jambo la kwanza lililonisaidia kuishi.

Tambi zile hazikatwi kwa kisu wala hazipiti kwenye mashine. Unga wa ngano hukandwa kwa maji, chumvi na majivu ya mmea unaoota kwenye ardhi kame ya kaskazini-magharibi. Majivu hayo ni ndugu wa magadi yetu, nayo ndiyo yanayoufanya unga uvutike na kupata unjano. Donge hupigizwa mezani, hukunjwa, huvutwa, hupigizwa tena. Kisha mvutaji hushika ncha mbili, akanyoosha mikono, akazikutanisha ncha: uzi mmoja umekuwa nyuzi mbili. Akivuta tena ni nne, kisha nane. Akifika mara ya nane ana nyuzi 256 mikononi, zote za unene mmoja, na kazi yote haichukui hata dakika mbili. Mtu akitazama hudhani siri iko kwenye kasi.

Mwezi wa Novemba mwaka ule wa kwanza nilianguka mtihani wa lugha. Nilikuwa nimejipangia maneno 50 kwa siku. Nilikuwa nalala saa nne tu kwa usiku, nakula nimesimama, na kila asubuhi nilijikuta nimesahau niliyoyakariri jana yake. Niliingia mgahawani na karatasi ya matokeo mkononi, nikaiweka mezani kifudifudi. Laoban akaifunua, akaitazama, akaniita nyuma ya meza yake.

Alinipa kipande cha unga uliotoka kukandwa sasa hivi. "Vuta." Nikavuta, kikakatika. Akanipa kingine cha unga ule ule. Kikakatika. Ndipo akafunua kitambaa kibichi kilichofunika donge lililokuwa pembeni tangu nusu saa iliyopita, akamega. "Vuta." Kile kikaenda. Kilinifuata mikono kama kitu chenye hiari yake, mpaka mikono yangu ikaishia.

Ni unga ule ule, maji yale yale, mikono ile ile. Wachina huita muda ule wa kusubiri *xing mian*, kuamsha unga. Hilo lilinishangaza, kwa sababu unga ukiwa umelala chini ya kitambaa ndipo wao husema unaamka. Laoban akaniambia kwa maneno machache aliyojua ningeyaelewa: "Nguvu unazo. Unga haujaamka."

Nilirudi bwenini nikalala saa nane mfululizo. Nikapunguza maneno 50 yakawa 15, na kila siku ya saba sikujifunza neno jipya hata moja, nikayaacha ya wiki yakae chini ya kitambaa. Mtihani wa Juni nilipita. Mpaka leo, nikiona kijana ofisini anajikaza mpaka kazi inamkatikia mikononi, humwambia akae kando kidogo. Sisemi apunguze bidii. Namwambia bidii yake haijaamka.

*

Jiaozi zilikuwa kazi ya ayi. Ukitaka kuielewa jiaozi, chukua duara dogo la unga mwembamba, tia katikati kijiko cha nyama ya kondoo iliyosagwa pamoja na karoti na vitunguu majani, likunje nusu, uibane midomo yake kwa mikunjo midogo midogo. Mtu wa kwetu ataona ni binamu wa sambusa, ila sambusa huingia kwenye mafuta, na jiaozi huingia kwenye maji yanayochemka. Huliwa kwa kuchovya kwenye siki nyeusi, na watu wa kaskazini huweka pembeni punje za kitunguu saumu kibichi.

Mara ya kwanza kuziagiza nilikosea kipimo. Mahali pengi kaskazini jiaozi huuzwa kwa uzito wa unga wake. *Liang* moja ni gramu 50, na *jin* moja ni liang kumi. Neno jin nilikuwa nimelisoma jana yake, nikajivunia kulitumia: nikaagiza jin moja. Ayi akaniuliza, "Mko wangapi?" Nikasema niko peke yangu. Hakusema kitu. Akaingia jikoni, akaniletea sahani ya liang tatu, jiaozi kama kumi na tano, nami nikazila zikanitosha kabisa. Wakati wa kulipa akanitoza liang tatu.

Ningelipa zote. Nilikuwa na pesa mkononi, na mgeni asiyejua kipimo ni mteja mwepesi popote duniani. Nilipokwisha kukijua kipimo ndipo nilipoelewa alichonifanyia: zile zingekuwa jiaozi hamsini au zaidi, na yeye alikataa kuniuzia nisichoweza kula. Tangu hapo nimekuwa nikipima uaminifu wa mfanyabiashara kwa namna hiyo. Kurudisha chenji sawasawa ni jambo jema, lakini chenji mtu anaweza kuihesabu. Anayekulinda mahali ambapo huwezi kuhesabu, huyo ndiye muungwana.

Tarehe 22 Desemba 2010, siku ya usiku mrefu kuliko yote katika mwaka, ayi aliniita jikoni. Siku hiyo watu wa kaskazini mwa China hula jiaozi. Wana kisa chao cha kale kuhusu Zhang Zhongjing, tabibu wa zama za Han, aliyewaona maskini masikio yao yameungua kwa baridi, akawapikia nyama ya kondoo na dawa za kutia joto ndani ya vipande vya unga vyenye umbo la sikio. Ndiyo maana watoto huambiwa wasipokula jiaozi siku hiyo masikio yatadondoka. Nje barafu ilikuwa imeshika vioo vya madirisha, na mimi mtoto wa Tanga nilikiamini kisa kile bila ubishi.

Nilikuwa nimesukuma chapati tangu nikiwa na miaka tisa. Nikashika kile kijiti kifupi cha kusukumia, nikasukuma duara langu likatoka limelingana kila mahali, sawasawa kama alivyonifundisha mama. Nikalijaza, nikalibana, nikalitia majini. Likapasuka. La pili likapasuka. Ayi akachukua donge dogo, mkono mmoja ukilizungusha, mkono mwingine ukisukuma kutoka ukingoni kuja katikati bila kuifikia katikati yenyewe. Duara lake likatoka pembeni ni jembamba, katikati nene kidogo. Akanionyesha kwa kidole: katikati ndipo nyama itakapokaa. Pembeni patakutana na pembeni, wembamba mara mbili, unene utakuwa sawa.

Jambo dogo, lakini sikuwahi kuliwaza. Chapati haibebi kitu, ndiyo maana inaruhusiwa kulingana. Kinachobeba mzigo lazima kiwe na mahali palipoachwa panene kwa ajili ya mzigo huo. Miaka miwili baadaye, mwalimu alipotuchorea ubaoni ukuta wa bwawa la maji, mwembamba juu na mnene chini, niliona mikono ya ayi. Na nilipoanza kuwa na familia, kazi na watu wanaonitegemea, nilijua kwamba siwezi kujigawa sawasawa kwa kila kitu. Pembeni naweza kuwa mwembamba, kwa sababu pembeni pangu patakutana na pembeni pa mwenzangu. Katikati, penye mzigo, niachwe mnene.

Jiaozi zikichemka, ayi aliongeza bakuli la maji baridi. Zikichemka tena, akaongeza tena, mpaka mara tatu, ili ngozi isiive ikachanika kabla nyama haijaiva. Na baada ya kula alitugawia maji yale yale zilimochemkia, meupe kama maji ya wali. Wana msemo wao kwamba supu ya asili ndiyo iyeyushayo chakula chake cha asili. Nilikunywa kwa adabu. Siku hizi nakunywa kwa sababu nayataka.

*

Baba alifariki Machi 2012. Simu ilikuja alfajiri. Nauli ya kurudi sikuwa nayo, na hata ningeipata nisingeyawahi mazishi, maana kwetu maiti hailali. Sikwenda darasani. Sikupanga kwenda mgahawani pia. Miguu ilikwenda.

Niliingia bila kusema shikamoo. Ayi akatoka jikoni kuja kuona ni kwa nini. Akanitazama, akarudi ndani. Siku ile hakuna aliyeniuliza nataka tambi nene au nyembamba. Lilikuja bakuli la zile nyembamba kabisa, zenye unene wa unywele, bila pilipili, tambi ambazo hata mtu mwenye koo lililofunga anaweza kuzimeza. Akaketi mbele yangu. Nikasema neno moja, "Baba," kwa Kiswahili. Wachina nao husema baba. Hakuhitaji tafsiri.

Siku ya tatu akatuma niitwe bwenini. Nilipofika nilikuta amenawa, amefunga kitambaa safi, na karai la mafuta liko motoni. Alikuwa anakaanga mikate ya duara inayoitwa *youxiang*. Wahui huikaanga siku za Idi, na huikaanga kuwakumbuka waliofariki. Unga wake hukandwa na kukaangwa kwa tohara, na mikate yenyewe humegwa kwa mkono na kugawiwa jirani kwa jirani. Alikuwa amemwita pia imamu wa msikiti wa karibu. Meza mbili zikaunganishwa, Kurani ikasomwa, laoban akiwa ameinamisha kichwa pembeni ya meza yake ya unga. Mchana wa Xi'an ni asubuhi ya Tanga, tofauti ya saa tano. Nyumbani kwetu wakati ule walikuwa wanatandika majamvi kwa hitima, mama anakaanga maandazi na majirani wanapanga vikombe vya kahawa. Baba yangu alisomewa mahali pawili siku moja, na mahali pawili pote palikuwa na unga uliokaangwa, ukagawiwa.

Nimefikiria sana kuhusu siku zile mbili: ile ya tambi tatu zilizoning'inizwa mbele yangu, na hii ya bakuli lililokuja bila swali. Ukarimu wa mtu kwa mgeni huanza kwa kuuliza. Usipomuuliza, unamlisha unachokipenda wewe ukadhani umemkirimu. Lakini ukiuliza kwa miaka, na ukayasikiliza majibu, itafika siku ambayo mwenzako hana jibu, nawe utakuwa unalijua. Ayi alikuwa amekusanya majibu yangu kidogo kidogo, bakuli kwa bakuli, na siku nilipoishiwa akanitolea akiba.

*

Niliondoka Julai 2014. Kalenda yetu hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, basi Ramadhani iliyokuwa Septemba nilipofika, sasa ilikuwa imenifuata mpaka Julai. Nilikuja nimefunga, naondoka nimefunga. Ndege yangu ilikuwa asubuhi, na ayi alikuwa amenionya nisithubutu kwenda bila daku.

Saa tisa usiku taa ya mgahawa ilikuwa inawaka peke yake mtaa mzima. Nilikaa kwenye kiti kile kile cha karibu na ukuta. Nikaagiza kama nilivyoagiza tangu siku ya kwanza: tambi za unene wa katikati. Ayi akakataa. Kwa miaka mitano hakuwahi kunikatalia kitu isipokuwa zile jiaozi zilizozidi. Akaniwekea sahani ya jiaozi ishirini, za kondoo na karoti, na bakuli la maji yake.

"Ukipanda gari, jiaozi," alisema. "Ukishuka gari, tambi."

Ni msemo wa kaskazini. Tambi ni ndefu kama kamba, kwa hiyo anayefika hupewa tambi zimfunge miguu, akae. Jiaozi imefungwa, na umbo lake ni la kipande cha dhahabu cha zamani, kwa hiyo anayeondoka hupewa jiaozi ili aende amekamilika, kilicho chake kiko ndani yake. Kumpa msafiri tambi ni kumvuta mguu asubuhi ya safari. Ndiyo maana mtu anayekupenda kweli kweli, saa hiyo, hukunyima.

Nilikula zote ishirini. Nikanywa maji yake. Kisha nikalipa, na yeye akapokea pesa, akanirudishia chenji. Ninalitaja hili kwa sababu watu hunitazama kwa mshangao ninapolisimulia. Alinipa bure alipotaka kunipa: tende za siku ya kwanza, mikate ya hitima. Chakula nilichokiagiza alinitoza, na kwa kunitoza aliniacha nisimame kama mtu mzima asiye na deni la fedha kwake. Madeni mengine alijua siwezi kuyalipa, naye hakuyaandika.

Mlangoni nikamwambia shikamoo. "Marahaba," akajibu, mara hii kwa sauti ya chini, kwa kuwa mtaa ulikuwa umelala.

*

Siku ya pili yake nilishuka basi Tanga, jua limeinama. Mama alikuwa ametandika jamvi uani. Sikuwa nimemsimulia msemo wa ayi. Nisingekuwa na muda wa kumsimulia, simu zangu za mwisho zilikuwa za mizigo na saa za ndege. Adhana ikaadhiniwa, tukafungua kwa tende na uji wa pilipili manga, na mama akafunua sufuria.

Zilikuwa tambi. Tambi za nazi, zimechambuka, iliki inanukia mpaka barabarani. Nilizitazama nisiweze kunyoosha mkono. Kwake ilikuwa futari ya kawaida ya Ramadhani, anayoipika kila mwaka tangu kabla sijazaliwa. Kwangu miguu ilikuwa inafungwa.

Mama hakuyaona hayo. Alikuwa ameshika mwiko, ameinamia sufuria, anachagua. Katika nyumba yetu ukoko wa tambi, ule wa chini ulioshika sukari ukawa mwekundu, ulikuwa wa baba. Hakuna aliyeugusa yeye akiwepo, na mwiko ulikuwa umesimama juu yake sasa.

"Nikupakulie zipi, mwanangu," akauliza, "za juu au za chini?"

"Za chini, mama."

Akakwangua, akaniwekea zote.